Mabua ya Godoro la Tekla

Jumapili ya pili ya Kwaresima, baada ya ibada isiyokuwa na padre, Bwana Gburek aliketi juu ya pipa lililopinduliwa mbele ya kanisa, akatoa miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaanza kuwasomea watu wa Olszyna Mpya barua zao kutoka kwao. Zilikuwa sita. Alizisoma zote kwa sauti ileile aliyoitumia kusoma majina ya marehemu. Watu walijibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wanaume huku na wanawake kule, kama walivyokuwa wakisimama katika Olszyna ya zamani, kule Silesia, kabla hawajavuka bahari kuja Texas.

Barua ya nne ilikuwa ya Tekla Kandzia, kutoka kwa mama yake. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo maneno yalikuwa yake na mwandiko ulikuwa wa mwalimu wa kijiji, ambaye aliomba radhi kwa kuchelewa kutokana na mavuno, akauliza kama kweli huko wanakula mkate mweupe. Ng'ombe mwekundu alikuwa amezaa ndama dume. Shangazi Apolonia alikuwa amefariki, wala hakuteseka. Marzanna wao wa mwaka jana alifika salama Jumatano baada ya Pasaka, saa nne asubuhi, akanasa kwenye gurudumu la kinu. Alikuwa amevaa aproni ya Florentyna Labus. Walimwanika karibu na jiko, akasema huko atokako ni joto, akaomba maji, na baada ya hapo hakusema tena.

"Aproni yangu ile!" Florentyna Labus alisema kutoka upande wa wanawake. "Kwa nini wasiifue wakanirudishia?"

"Nani ailete, Florentyna? Marzanna hupanda maji mara moja tu," mtu alimjibu, na wanawake wakacheka.

Marzanna ni mwanamke wa mabua. Kila Kwaresima wanawake wa Olszyna humfunga, humvalisha nguo, humbeba mpaka mtoni wakiimba, humzamisha, kisha hugeuka na kwenda zao bila kutazama nyuma. Yeye ndiye majira ya baridi, na asipozamishwa hakuna kuchipua. Huku Texas baridi ilikuwa ikija siku nne na kuondoka yenyewe, lakini walizoea, na mtu haachi jambo kwa sababu tu amehama. Walikuwa wamezamisha wawili tangu wafike, wote wa maganda ya mahindi, na wote wawili waliibukia kwenye kinu cha nyumbani. Barua ilichukua miezi mitatu. Marzanna alichukua wiki tatu, maana hakuwa na cha kulipia ushuru.

Bwana Gburek alimalizia barua. "Waleska amefurahi mno kwa maneno yako. Tumewauza bata bukini, na sanduku limekwisha kutengenezwa. Ataondoka na kundi la wiki ya baada ya Pasaka. Mimi nitabaki na paka. Usijali. Mama yako akupendaye."

Akaikunja, akamnyooshea Tekla. Tekla aliipokea, akabaki ameishika kama mtu aliyepewa kitu cha moto akaona haya kukiachia. Waleska alikuwa mdogo wake, wa pekee. Na Tekla hakuwahi kumwita.

Alichokuwa amesema, miezi sita iliyopita, alikikumbuka neno kwa neno, kwa kuwa alikwenda akikikariri njiani. Alisema: tumemzika Izydor mwezi wa nane, hakutimiza mwaka. Alisema: kuna nyoka wenye njuga mkiani, wanaingia mpaka kwenye beseni la kukandia. Mvua haijanyesha. Homa imemaliza nyumba ya Snoga, wote watano. Mwambieni Waleska asije. Bwana Gburek aliandika huku akitikisa kichwa kwa huzuni, akamsomea tena yote, na yote yalikuwa sawasawa. Tekla akaweka msalaba wake chini, mahali pa sahihi.

Jioni hiyo alimfuata nyumbani. Alimkuta kwenye kinanda.

Kilikuwa meza. Huko kwao Bwana Gburek alikuwa mpiga kinanda wa kanisa kwa miaka kumi na saba, na huku hapakuwa na kinanda, basi alichonga vibao vya funguo kwenye meza yake ya kulia chakula na kuvipaka masizi na chokaa. Kila Jumapili vijana waliibeba meza mpaka kanisani, naye aliipiga misa nzima, na watu waliimba. Hawakuwahi kupotea sauti. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyelalamika, kwamba meza ilikuwa ikivuta wimbo polepole mno.

"Bwana Gburek," Tekla alisema, "niliposema Waleska asije, wewe uliandika nini?"

"Niliandika kwamba dada yake anamsubiri kwa hamu."

Hakuficha, wala hakuacha kupiga.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema kwa macho, Tekla. Mimi naandika na ya machoni."

"Na mkate? Mwalimu anauliza kama kweli tunakula mkate mweupe."

"Niliandika mnakula mkate mweupe."

"Tunakula mahindi!"

"Mahindi ni ya rangi gani?"

"Na nyoka?"

"Nyoka hajawahi kumfaa mtu yeyote ndani ya barua."

Tekla akavuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa. Bwana Gburek alimaliza ubeti, akaweka mikono magotini, akaanza kumweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa. Mmarekani mwenye ardhi ile ya kijiji alikuwa ameahidi: familia zikitimia hamsini, atawaagizia kinanda. Cha kweli, chenye mabomba, kwa meli kutoka New Orleans. Sasa walikuwa thelathini na moja.

"Thelathini," Tekla alisema. "Umemhesabu Snoga."

"Thelathini, basi."

"Kanisa lenyewe halina paa, bwana wee. Kinanda utakifunika kwa kofia yako?"

"Watu wakija, paa litakuja. Tukibaki hivi tulivyo, Tekla, miaka kumi ijayo hapa patakuwa na makaburi na mbuzi. Unataka Izydor wako alale mahali pasipo na mtu wa kumwimbia?"

Hilo lilimchoma, na Bwana Gburek alikusudia limchome. Ubaya wa Bwana Gburek ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Kaburi la Izydor alilichimba yeye, kwa sababu Teofil, baba wa mtoto, alishindwa kushika jembe.

"Niandikie nyingine," Tekla alisema mwishowe. "Sasa hivi. Ya kweli."

"Nitakuandikia hata tatu. Itafika mwezi wa sita. Atakuwa baharini."

Ni kweli. Pasaka ilikuwa imebaki wiki tano. Wa kufika kabla ya Pasaka alikuwa mmoja tu, na wote wawili walimfikiria kwa wakati mmoja. Tekla aliona jinsi macho ya Bwana Gburek yalivyohama, yakaenda dirishani, upande wa kijito.

Jumapili iliyofuata mpiga kinanda alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba, kwa kuwa kijito kimekauka na chini pana mifupa ya samaki tu, mwaka huu Marzanna atachomwa moto uani kwa kanisa. Kuna vijiji vya kwao ambako huchomwa, wala si dhambi. Watu waliona ni sawa. Ukame ule ulikuwa umewazoesha kuona mambo mengi ni sawa.

Tatizo lilikuwa mabua. Ngano haikuota. Mahindi yaliungua shambani, na maganda yake walikuwa wamewalisha ng'ombe. Florentyna Labus alizunguka nyumba kwa nyumba na gunia, na alipofika kwa Tekla gunia lilikuwa bado limekunjwa kwapani.

"Jirani, hata fagio huna la kunipa? Tutamzika baridi akiwa uchi mwaka huu, aibu iliyoje."

"Ninalo godoro," Tekla alisema.

Florentyna alimtazama. Kila mtu alilijua godoro la Tekla. Asubuhi ya kuondoka, mama yake ndiye aliyelijaza, kwa mabua ya shayiri ya ghalani kwao, akalishona mdomo mwenyewe. Walipofika bandarini wasafiri waliamriwa kutupa mabua ya melini, kwa ajili ya chawa, nao walitupa. Tekla alilibeba lake mgongoni, mwendo wa wiki mbili. Wenzake walijaza yao maganda ya mahindi, yeye hakubadilisha. Kwa miaka mitatu alililalia kifudifudi, na yale aliyokuwa nayo moyoni aliyasema humo humo, mdomo ukiwa kwenye kitambaa, ili Teofil asisikie. Alimtamani mama yake. Alitamani ukungu wa asubuhi na harufu ya ghala. Zaidi ya yote alimtamani Waleska, waliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na sita, hata sasa mgongo wake ulikuwa ukihisi baridi upande ule mmoja, kwenye joto la Texas.

"Una hakika?" Florentyna aliuliza.

"Lete mkasi."

Teofil alirudi kutoka shambani akakuta kitanda ni mbao tupu.

"Na mimi nitalalia nini?"

"Ubao."

"Miaka mitatu nakuomba tulibadilishe lile dude, ukaning'akia kama nimekutukania mama. Leo umelitoa kwa sanamu?"

"Teofil, Waleska anakuja."

Teofil alivua kofia, akaketi kwenye ubao, akaujaribu kwa kiganja. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi yalikuwa juu ya mgongo wake. "Basi mfunge vizuri," alisema. "Asifumuke njiani."

Wanawake walimfunga Ijumaa. Mabua yalikuwa yamechakaa, mengine karibu vumbi, wakayabana kwa kamba ya katani mpaka akapata kiuno. Walimvika sketi nyeusi ya Tekla. Tekla akaongeza kitambaa cha kichwa, kile cha kijani alichovua Waleska kichwani mwake mwenyewe akampa siku ya kuagana, ili kule kinuni wajue ametoka kwa nani. Kwa desturi, nyumba iliyotoa mabua hukaa naye mpaka Jumapili. Marzanna akaketi kwenye benchi la jikoni, mikono magotini. Teofil alimsalimu akipita.

Jumamosi asubuhi, ng'ombe wakiwa wanakamuliwa, Tekla alimbeba mgongoni akatoka naye kwa mlango wa nyuma. Mto wa kweli, ule ambao haukuwahi kukauka, ulikuwa mwendo wa kutwa.

Alianza kusema walipopita kaburi la mwisho. Alimpa Marzanna habari moja moja, polepole, kama mtu anayemtuma mtoto dukani na hamwamini. Alimweleza nyoka. Alimweleza nyumba ya Snoga. Alimweleza mkate. Alimweleza Izydor, jinsi alivyoanza kukohoa siku ya Jumanne, na jinsi siku ya Ijumaa alivyokuwa mwepesi. Alimweleza kuhusu Bwana Gburek na kinanda chake. Jambo moja tu hakulisema. Kila lilipomfika mdomoni alilimeza, kwa kuwa alijua likitoka hilo, mengine yote ni bure.

Marzanna alipotoka nyumbani alikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka. Kufika saa tano alikuwa na uzito wa gunia la viazi, na Tekla alikuwa akimburuta.

Hapo ndipo alipopitwa na Refugio Cantú, Mmeksiko wa mikokoteni ya ng'ombe. Ndiye aliyewaleta kutoka bandarini miaka mitatu nyuma, na katika wiki mbili zile alijifunza kwao sala ya kuwaombea wanaokufa na matusi kumi na moja. Tangu hapo alikuwa ameongeza maneno mengine.

"Dada Tekla! Unamhamisha nani?"

"Marzanna. Nampeleka mtoni nikamzamishe."

"Kakosa nini?"

"Ni majira ya baridi."

Refugio alimtazama Marzanna kutoka kitambaani mpaka miguuni, akajifuta jasho. "Kwa jua hili? Mimi nisingemzamisha. Ningemuoa. Mpandishe."

Walimpandisha wawili, mmoja miguu na mmoja mabega. Mkokoteni ulikuwa na chumvi na misumari tu, lakini baada ya saa moja ng'ombe walianza kutoa ulimi, kwa sababu Tekla, ameketi nyuma, alikuwa bado anasema. Refugio akasimamisha.

"Unamwambia nini huyo?"

"Ukweli."

"Basi nusu iliyobaki ngoja ng'ombe wanywe maji."

Alimshusha penye kivuko, akamsaidia kumfikisha kwenye maji, kisha akarudi kwa ng'ombe wake na kugeuza uso, maana aliona hapo si pake. Mto ulikuwa umepungua, lakini ulikuwa ukienda. Tekla alimfunga Marzanna kitambaa upya. Alimtazama uso, ambao haukuwa na kitu.

"Mwambie asije," alisema. "Hata akikuuliza nini, mwambie asije."

Akamsukuma. Marzanna alizama mpaka mabegani, akasimama wima kidogo kama mtu anayetafuta kina, kisha akaenda na maji, upande wa bahari. Tekla aligeuka akaondoka bila kutazama nyuma, kama alivyofunzwa.

Kesho yake watu walikusanyika uani kwa kanisa na kuni, na cha kuchoma hakikuwapo.

"Umempeleka," Bwana Gburek alisema.

"Nimempeleka."

Mpiga kinanda alitikisa kichwa, bila hasira. Wakachoma fagio, ili kuni zisirudi bure. Mchana kutwa meza yake ilisikika mpaka nyumba za mwisho, wimbo ule wa mazishi wenye beti kumi na nane.

Pasaka ikaja ikapita. Teofil alikwenda mtoni akaleta yale majani ya kijivu yanayoning'inia kwenye miti ya kule, wakajaza godoro. Lilikuwa laini kuliko lile la kwanza. Tekla alililalia kifudifudi, akafungua mdomo, na hakupata la kusema.

Alihesabu. Wiki ya baada ya Pasaka: sasa wanaondoka, naye hayumo. Mwezi wa tano: sasa wako bahari kuu, naye hayumo, yuko nyumbani anapalilia kabichi. Alijua amefaulu. Alistahili kufurahi, na watu walipomuuliza alisema anafurahi. Ukweli ni kwamba alikuwa akienda nyuma ya zizi kila siku baada ya kukamua, akiegemea ubavu wa ng'ombe, akilia mpaka maziwa yanapoa. Kumkataza mtu unayemtaka kuliko chakula, naye akatii, kumbe nako kunaua. Alikuwa akiwaza: angalau angebisha kidogo. Halafu alijilaani kwa kuwaza hivyo.

Wiki ya pili ya mwezi wa nane, mikokoteni ya Refugio ilitokea kwenye vumbi. Ilikuwa saba. Bwana Gburek alivaa koti lake jeusi, akatoka kuilaki, akihesabu kwa vidole vya mkono alioficha mgongoni. Familia kumi na mbili. Walishuka wakitazama huku na huku, wakitafuta kijiji, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukiona, wakatafuta tena.

Wa mwisho kushuka alishushwa na Refugio mwenyewe, kwa kubebwa. Alikuwa amenyolewa kichwa chote, kama wanavyonyolewa wenye homa bandarini. Shingo ilikuwa imebaki nyuzi. Kichwani alijifunga kitambaa cha kijani kilichopauka kwa chumvi.

"Huyu kanitukana njia nzima nisimwamshe," Refugio alisema. "Nimeongeza matusi mawili."

Tekla alisimama. "Hakufika?" aliuliza.

"Nani, Marzanna?" Waleska alisema. "Alifika Jumatatu ya Pasaka. Mbona huninyanyui? Unaniangalia kama ng'ombe wa mtu."

Tekla akamnyanyua. Alikuwa mwepesi. Alimpeleka ndani, akamlaza kwenye lile godoro laini, akamnywesha maji kwa kijiko, na Waleska akaeleza, akipumzika kati ya neno na neno.

Marzanna alifika kinuni akiwa mzito hata wakamtoa kwa farasi wawili. Mama alimwanika karibu na jiko. Alisema siku mbili mfululizo: nyoka, homa, mahindi, Snoga, Izydor. Kijiji kizima kilikuja, wengine wakasikilizia dirishani. Mwalimu alivua kofia. Mama alilia kwa ajili ya Izydor, akauliza alikuwa anafanana na nani, lakini Marzanna hilo hakuwa ameambiwa.

"Na hawa?" Tekla aliuliza, akionyesha nje, ambako familia kumi na mbili zilikuwa zikishusha majembe. "Hawakusikia?"

"Walisikia. Mwenye kinu alisema toka enzi na enzi kazi ya Marzanna ni kutishia watu. Akasema barua ina muhuri. Marzanna ana muhuri?"

"Na wewe ukamwamini mwenye kinu?"

"Mimi? Mimi niliamini kila neno. Nilifungua sanduku usiku uleule, nikarudisha nguo kabatini. Niliogopa, dada, nisikufiche. Nikamwambia mama, Amerika siendi, namwonea huruma Tekla lakini siendi."

"Sasa hapa umefikaje?"

Waleska alifumba macho. Tekla alidhani amelala.

"Siku ya tatu," Waleska alisema, "alipokauka kabisa. Alikuwa amemaliza yake yote. Ndipo mabua yakaanza kusema yenyewe, chinichini, kwa sauti yako. Tukamfungua sketi tusikie vizuri. Yalisema jina langu. Yalisema ukipakua uji unaniwekea bakuli, kisha unalirudisha. Yalisema ukisuka nywele unafumba macho ili mikono iwe yangu. Yalisema, Waleska, njoo. Hata kama ni kubaya, njoo, nakufa huku kwa upweke. Yalisema hivyo, Tekla, mpaka majogoo. Na harufu ni ya ghala letu."

"Mama naye alisikia?"

"Mama ndiye aliyenipangia sanduku tena."

Tekla aliinamisha kichwa kwenye kifua cha mdogo wake, na mbavu zake zilimwuma shavu. Alikuwa amemleta yeye. Si Bwana Gburek, si muhuri. Alimleta kwa mdomo wake mwenyewe, kwa miaka mitatu, na sasa amemleta nusu. Alitaka kujuta na alijuta, lakini chini ya majuto palikuwa na furaha kubwa isiyo na haya, ambayo hakuweza kuifukuza. Mgongo wake ulikuwa umepata joto.

Siku ya nne Bwana Gburek alikuja na kidau cha wino. Wageni wote walikuwa wanaandikiwa barua ya kufika, naye alikuwa amekwisha kuandika kumi na moja. Alimjulia hali Waleska, akamtengenezea mto, akaketi.

"Andika nimefika," Waleska alisema.

Bwana Gburek aliandika ukurasa mmoja na nusu. Kisha akasoma, kwa sauti yake ile. Safari ilikuwa njema na bahari tulivu. Hewa ya huku inafaa kwa kifua. Nyumba ya dada ni ya mawe, na mlangoni kuna waridi. Kanisa linaezekwa mwaka huu. Nyumba za jirani ni tupu na zinasubiri watu.

Hakubadili sauti alipofika hapo, wala hakuficha karatasi. Waleska alisikiliza akiwa amegeukia ukuta. Jasho lilikuwa limelowesha kile kitambaa.

"Tekla," Bwana Gburek alisema, "una la kuongeza?"

Akachovya kalamu, akaiinua, akangoja. Florentyna Labus, aliyekuwa ameleta mchuzi na akasimama mlangoni, alisema baadaye kwamba siku ile mpiga kinanda angeandika lolote analoambiwa. Uso wake ulikuwa hivyo.

Tekla alimtazama Waleska: mikono, shingo, kichwa. Alitazama kidau. Akamwona mama yake jikoni, peke yake na paka, hana tena binti wa kumkatia kuni, ametega sikio na mwalimu anafungua bahasha.

"Andika amenenepa," alisema.

Bwana Gburek akaandika. Wino ulipokauka akampelekea Waleska kalamu kitandani, akamshikia mkono, na Waleska akaweka msalaba wake chini.